DAWA ZA AKILI NA MOYO WA MFANYAKAZI



Mtu akikatwa kidole na mashine kiwandani, habari hujulikana mara moja. Wenzake humpa pole, na katibu wa tawi hushughulikia fomu ya fidia. Lakini mtu akiugua akili, akapelekwa Butabika, au Mirembe, au Mathari, akarudi kazini na pakiti ya vidonge, vidonge hivyo huvificha kana kwamba ameviiba. Huvimeza usiku wenzake wakishalala. Hakuna anayemwuliza vinamfanya nini, na yeye mwenyewe hathubutu kusema. Ukimya huo una madhara yake, kwa sababu dawa hizi, ambazo zimewarudishia watu wengi akili zao, nyumba zao na kazi zao, zina jambo lao na moyo. Jambo hilo yafaa lijulikane na anayezimeza, na pia na wale wanaofanya kazi ubavuni pake.

Tuseme mapema, kabla msomaji hajaliweka gazeti chini: makala haya hayamwambii mtu yeyote aache dawa yake. Anayeacha ghafla huweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu kuliko mwanzo, na huko nako watu hufa. Tutafika huko, na tarakimu tutazitaja.

DAWA TUNAZOZISEMA

Ni zile wanazopewa watu wanaosikia sauti wasizozisikia wengine, au wanaoamini kwamba majirani na redio wanawasema wao, au ambao damu huwachemka wakakesha juma zima wakigawa mali yao yote. Hatuzungumzi juu ya vidonge vya usingizi wala vya kifafa.

Ya kwanza kati yake ilikuwa klorpromazini. Ilitengenezwa na kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa, na daktari mpasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliijaribu kwa wagonjwa wa upasuaji akaona kwamba inawatuliza bila ya kuwalaza usingizi. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris waliwapa wagonjwa wa akili, na wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele miaka mingi wakaanza kuzungumza na watu. Wengi wetu tunaijua kwa jina lake la dukani, Largactil. Mwaka 1958 Paul Janssen na wenzake huko Ubelgiji walitengeneza haloperidoli, ambayo hata leo ndiyo inayopatikana zaidi katika zahanati nyingi. Baadaye zikafuata klozapini, risperidoni, olanzapini na nyinginezo. Iko pia sindano ya flufenazini ya mafuta, ambayo hudungwa mara moja ikakaa mwilini kwa majuma kadhaa. Hiyo wafanyakazi wengi huipenda kwa kuwa haina vidonge vya kuficha.

Kabla ya dawa hizo, hospitali za akili, Ulaya na huku kwetu, zilikuwa na makufuli mengi na matibabu machache. Kwa hiyo mtu asije akasoma yanayofuata akadhani tunazitukana. Klorpromazini, haloperidoli, flufenazini, risperidoni na klozapini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni haki zimo.

KUINUKA NA KUANGUKA

Tuanze na lile lililo la kawaida zaidi. Dawa nyingi za namna hii hulegeza mishipa ya damu. Mtu akiwa amelala au amekaa, haoni tofauti. Akisimama ghafla, damu huteremka miguuni, na mishipa iliyolegea haiwahi kuibana irudi juu. Ubongo hukosa damu kwa nukta chache. Macho huingia giza, masikio huvuma, magoti huishiwa nguvu. Moyo nao, ukijaribu kufidia upungufu huo, huenda mbio. Klorpromazini na klozapini zinajulikana sana kwa hili, na siku za hatari zaidi ni zile za mwanzo wa matibabu na zile ambazo daktari ameongeza kipimo.

Mtu aliyeko ofisini hukaa kitini mpaka kizunguzungu kikapita. Mchuma chai ameinama tangu alfajiri, ana kikapu mgongoni, na ardhi ni ya mteremko. Mkata mkonge ana kisu mkononi. Yuko anayelisha majani katika mashine ya kusinga, yuko aliyepanda ngazi, yuko anayechochea tanuri. Kwa hawa nukta tano za giza machoni zinatosha kuondoa mkono.

Na kuna lingine ambalo viongozi wa matawi wanalijua vizuri. Nyapara humwona mtu anayumba saa moja ya asubuhi, na papo hapo humwandikia kwamba amekuja kazini amelewa. Mfanyakazi hawezi kujitetea, kwa maana akisema ukweli ataitwa kichaa, na akinyamaza ataitwa mlevi. Wengi huchagua kunyamaza, wakaonywa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu wakafukuzwa. Wengine huchagua njia mbaya zaidi: huacha dawa ili wasiyumbe.

Zipo hatua ndogo zinazosaidia. Aamkapo, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Akiwa ameinama kazini, ainuke taratibu. Anywe maji mengi, apunguze pombe au aiache, kwa kuwa pombe nayo huilegeza mishipa na kukausha mwili. Kama anatumia pia dawa za presha, aliyemwandikia moja aijue na nyingine. Daktari anaweza kuhamisha sehemu kubwa ya dawa iwe ya usiku, au kupunguza kipimo, au kubadili dawa. Lakini daktari hawezi kurekebisha asiloambiwa.

Jua nalo lisisahauliwe. Baadhi ya dawa hizi, hasa za ukoo wa klorpromazini, huuharibia mwili uwezo wake wa kujipoza. Jasho hupungua na joto la ndani hupanda. Klorpromazini huifanya ngozi pia iungue upesi kwa jua. Mtu wa shambani mwenye dawa hizi anahitaji kofia, mikono mirefu, maji karibu na kivuli cha kupumzikia. Hayo si mapendeleo kwa mgonjwa peke yake, kwa hakika kila mfanyakazi wa shamba alistahili kuwa nayo zamani.

UMEME WA MOYO

Sasa tufike kwenye lile lililo adimu zaidi, lakini ambalo likija huja kuua.

Moyo ni pampu yenye umeme wake. Kila pigo huanza na cheche ndogo inayosambaa katika msuli wote, msuli ukajikaza na damu ikasukumwa. Baada ya hapo kila chembe ya msuli lazima ijitayarishe upya kabla ya pigo linalofuata, nayo hufanya hivyo kwa kufungua milango midogo sana na kuitoa nje chumvi iitwayo potasiamu. Matayarisho haya huchukua muda mfupi usiofika nusu nukta. Kipimo cha umeme wa moyo huuandika mwendo huo kwenye karatasi kama milima na mabonde, na madaktari wameyapa milima hiyo herufi. Kutoka herufi ya Q mpaka mwisho wa T ndio muda wa pigo pamoja na matayarisho yake.

Dawa nyingi za akili huiziba kwa sehemu ile milango ya potasiamu. Matayarisho huchelewa, na muda wa Q mpaka T hurefuka. Muda huo ukisharekebishwa kwa kasi ya mapigo, kwa mwanamume wa kawaida huwa chini ya sehemu 450 katika elfu za sekunde, na kwa mwanamke chini ya 460 hivi. Ukipita 500, daktari hana budi kushtuka. Moyo unaochelewa kujitayarisha huweza kupokea cheche nyingine ungali nusu tayari, na hapo mpigo wote huvurugika. Mwaka 1966 daktari Mfaransa, François Dessertenne, aliueleza mvurugiko huu na kuupa jina linalotokana na sura yake kwenye karatasi: milima ile huonekana ikijizungusha kwenye mstari, kama nyuzi za katani zinavyosokotwa kuwa kamba. Wakati huo moyo unatetemeka tu wala hausukumi damu. Pengine hujirekebisha wenyewe baada ya nukta chache, na mgonjwa husema alizimia kidogo. Pengine haujirekebishi.

Dawa hazilingani katika hili. Haloperidoli ya kumeza kwa kipimo kidogo huleta mabadiliko madogo. Ikidungwa kwenye mshipa kwa vipimo vikubwa, hatari hupanda, na mwaka 2007 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake. Pimozidi ina hatari kubwa zaidi. Aripiprazoli ina hatari ndogo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wazee kuliko vijana. Wenye ugonjwa wa moyo tangu zamani wamo hatarini, na vilevile wale ambao katika ukoo wao kuna kijana aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana.

HABARI YA MELLERIL

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu habari hii inatufundisha namna biashara ya dawa inavyokwenda.

Kampuni ya Sandoz ya Uswisi iliuza dawa iitwayo thioridazini kwa jina la Melleril. Ilipendwa sana duniani, kwani haikuwakakamaza watu shingo na taya kama haloperidoli inavyofanya. Iliandikiwa wagonjwa wa akili, lakini pia wazee wenye wasiwasi na hata watoto wasiotulia. Mwaka 1963 jarida la madaktari wa Kanada lilichapisha taarifa ya mabadiliko katika umeme wa moyo wa wagonjwa waliotumia dawa hiyo, na vifo viwili. Taarifa nyingine zikafuata. Dawa ikaendelea kuuzwa. Ilikuwa mwaka 2000 ndipo Marekani ilipoamuru onyo kali liandikwe juu yake, na Uingereza ikazuia matumizi yake isipokuwa kwa wagonjwa wachache. Mwaka 2005 kampuni ya Novartis, iliyozaliwa mwaka 1996 kwa kuungana Sandoz na Ciba-Geigy, iliiondoa sokoni duniani kote.

Kutoka 1963 mpaka 2005 ni miaka 42. Mtu aliyeanza kazi kiwandani siku taarifa ile ilipotoka alikuwa tayari amestaafu dawa ilipoondolewa. Mwandishi haamini kwamba kulikuwa na njama. Anaamini kwamba wagonjwa wa akili wakifa ghafla, watu hawaulizi sana. Husemwa kwamba alikuwa mgonjwa, tena kichaa, na mazishi yakafanyika.

TARAKIMU MBILI ZA MWAKA MMOJA

Mwaka 2009 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, ambazo mtu akisoma mmoja tu atapotoka.

Ya kwanza ilitoka jimbo la Tennessee, Marekani, iliyoongozwa na Wayne Ray. Walifuata watu wa umri wa miaka 30 hadi 74 waliokuwa katika mpango wa serikali wa matibabu ya watu wa kipato cha chini. Wale waliokuwa wakitumia dawa hizi, za zamani au za kisasa, walikufa kwa moyo kusimama ghafla mara mbili hivi zaidi ya wasiozitumia, na hatari ilizidi kadiri kipimo kilivyozidi. Waliowahi kutumia wakaacha hawakuwa na hatari hiyo iliyozidi. Lakini mara mbili ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo: kati ya watumiaji 1,000 kwa mwaka mmoja, vifo vya namna hii havikufika 3. Jambo moja utafiti huu ulilibomoa kabisa, nalo ni ile sifa ya wauza dawa kwamba vidonge vipya vya bei kubwa ni salama kwa moyo kuliko vya zamani.

Ya pili ilitoka Finland. Huko walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 66,881 wa skizofrenia kwa miaka 11, yaani 1996 mpaka 2006. Waliotumia dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko wale ambao hawakutumia kabisa. Na dawa iliyokuwa na vifo vichache kuliko zote ni klozapini, ile ile ambayo katika Finland hiyo hiyo mwaka 1975 iliua wagonjwa kwa kuwamaliza chembe nyeupe za damu, hata ikaondolewa kwa muda.

Je, tafiti hizi zinapingana? La. Mtu mwenye ugonjwa mkali asiyetibiwa hujiua, hugongwa na gari, halali, hali, na maradhi mengine hayamtibiki kwa kuwa haendi hospitali. Dawa huyapunguza hayo yote, na huku yenyewe ikiongeza hatari ndogo upande wa moyo. Kwa walio wengi faida huzidi. Kazi iliyopo ni kuipunguza ile hatari iliyobaki, na hilo linawezekana kwa sababu mara nyingi dawa peke yake haiui: huhitaji mwenzake.

MWENZAKE WA DAWA

Mwenzake wa kwanza ni upungufu wa potasiamu. Mtu akiharisha siku mbili, au akitapika, chumvi hii hutoka mwilini. Kutokula huipunguza, na baadhi ya dawa za presha za kukojosha huipunguza pia. Basi aliye kwenye dawa za akili akipata tumbo la kuhara asilichukulie kuwa jambo la kungoja mpaka Jumatatu. Ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, wanayopewa watoto wanaoharisha, ina potasiamu ndani yake, na mtu mzima naye huifaa. Ndizi, maharagwe na mboga za majani nazo zinayo.

Mwenzake wa pili ni dawa nyingine. Katika nchi zetu hili lina uzito wa pekee, maana malaria haituachi. Kwinini hurefusha ule muda wa Q mpaka T, na klorokwini vivyo hivyo. Halofantrini, iliyouzwa zamani kwa jina la Halfan, ilikuja kujulikana kwamba inaweza kuusimamisha moyo. Dawa ya mseto ya siku hizi, artemeta na lumefantrini, ina athari ndogo zaidi, lakini hata karatasi yake inatoa tahadhari kwa mtu mwenye dawa za namna hii. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama vile erithromisini, azithromisini na siprofloksasini, zimo katika kundi hilo, na flukonazoli ya kutibu fangasi, na bedakwilini ya kifua kikuu sugu.

Hatusemi mtu mwenye malaria asitibiwe. Malaria itamwua upesi kuliko kidonge chochote. Tunasema aliye mbele ya dirisha la dawa aseme: mimi natumia haloperidoli, au mimi nilidungwa sindano ya mwezi. Sindano hasa itajwe, kwa kuwa haina pakiti ya kuonyesha na haiwezi kutolewa mwilini ikishaingia. Yafaa jina la dawa liandikwe kwenye kikaratasi kikakaa pamoja na kitambulisho. Kununua dawa dukani kwa kumweleza muuzaji maumivu tu, bila kumwambia hayo, ni kucheza na moto.

Miraa, ambayo Uganda huitwa mairungi, huupeleka moyo mbio na kupandisha presha. Madereva na walinzi wa zamu ya usiku walioko kwenye dawa hizi wanalijua tatizo lao. Hapa tunaligusa tu.

HOMA ISIYO MALARIA

Klozapini hupewa wale ambao dawa nyingine mbili zimeshindwa kuwasaidia, na kwao huwa mkombozi. Katika juma la kwanza mpaka la nane, na hasa katika mwezi wa kwanza, huweza kwa watu wachache kuuvimbisha msuli wa moyo wenyewe. Madaktari wa Australia waliitangaza hatari hii mwaka 1999. Dalili zake ni homa, uchovu, mapigo ya mbio hata mtu akiwa amekaa, kifua kuuma, pumzi fupi. Msomaji wa nchi zetu akisoma orodha hiyo atasema: hiyo ni malaria. Ndiyo hatari yenyewe. Mtu wa namna hii apimwe malaria, sawa, lakini asirudishwe nyumbani na vidonge bila kupimwa moyo na damu, na daktari aliyemwanzishia klozapini aarifiwe siku hiyo hiyo.

Mengine juu ya klozapini: hutakiwa damu ipimwe mara kwa mara, na mvutaji sigara akiacha ghafla, dawa huongezeka katika damu hata kipimo kikiwa kile kile. Kuacha sigara ni vizuri, lakini amwambie daktari kwanza.

UNENE UNAOKUJA TARATIBU

Kifo cha ghafla hutisha, lakini kwa idadi si ndicho kinachowamaliza wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 mpaka 20 kabla ya wenzao, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni maradhi ya mwili yanayozuilika, ya moyo yakiwa mbele. Sababu si dawa peke yake. Umo umaskini, imo sigara, na wamo wauguzi wanaodhani kila lalamiko la mgonjwa wa akili ni la akili. Lakini dawa zina fungu lao. Olanzapini na klozapini hasa huleta njaa isiyoshiba. Mtu huongezeka kilo kumi bila kujua. Sukari ya damu hupanda, mafuta ya damu hupanda, na mishipa ya moyo huziba miaka mingi baadaye. Midomo hukauka pia, na mtu hukata kiu kwa soda. Kwa mfanyakazi ambaye posho yake ni unga, na chai yake ina vijiko vinne vya sukari, njia hiyo ni fupi.

Anayeanza dawa apimwe uzito, mzunguko wa tumbo, presha na sukari siku ya kwanza. Uzito upimwe tena kila mwezi, sukari na presha baada ya miezi mitatu, na baadaye angalau mara moja kwa mwaka. Vifaa vyake ni mzani, utepe wa fundi cherehani na vipimo ambavyo zahanati ya kiwanda inapaswa kuwa navyo. Kipimo cha umeme wa moyo ni kigumu zaidi kukipata, ingawa chenyewe hakiumi: hubandikwa nyaya kumi kifuani, mikononi na miguuni, na dakika chache zinatosha. Aombe kipimo hiki hasa mtu aliyewahi kuzimia, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye umri mkubwa, au anayepewa dawa mbili za akili kwa pamoja. Kama wilaya nzima ina mashine moja, basi chama kina la kumwambia mbunge.

MEZANI KWA MWAJIRI

Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Katika ukanda wetu Uganda, Malawi, Zambia na Kongo zimeuridhia. Na mwezi Juni 1922 ungalikuwa mbali sana, lakini Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza mazingira salama na ya afya kazini katika kanuni za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba inayohusika.

Kwa mfanyakazi aliye kwenye dawa hizi, maneno hayo makubwa yana maana ndogo za kila siku. Awekwe mbali na ngazi, visu na mashine zilizo wazi katika majuma ya kwanza na kila kipimo kinapoongezwa, bila kukatwa mshahara. Apewe siku yake ya kliniki. Jina la ugonjwa wake libaki kwa daktari. Meneja anahitaji kujua tu kwamba mtu huyu asipandishwe juu kwa majuma sita, wala hahitaji kujua kwa nini. Na kabla mtu hajaandikwa kuwa mlevi, apimwe na muuguzi: presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Kipimo hicho huchukua dakika tano na kimewahi kuokoa kazi za watu. Katibu wa tawi asiyeweza kutunza siri ya mwanachama asikabidhiwe mambo haya.

MTU AKIANGUKA

Ule mvurugiko wa moyo huweza kuonekana kama kifafa: mtu huanguka, macho hugeuka, viungo hutikisika. Kwa sababu hiyo wengine wametibiwa kifafa miaka na miaka, na wengine wamepelekwa kwa mganga kuaguliwa. Mtu aliye kwenye dawa za akili akizimia ghafla, hasa bila ya kizunguzungu kutangulia au akiwa anafanya kazi ngumu, hata kama ameinuka mwenyewe na anacheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapimwe umeme wa moyo, na pakiti zake zote za dawa zifuatane naye.

Akianguka asiinuke, mwiteni kwa sauti na mtikiseni bega. Zimeni mashine iliyo karibu. Asipoitika na asipopumua vizuri, msimwagie maji wala msimtie kijiko mdomoni. Mmoja akimbie kuita gari na muuguzi. Mwingine amlaze chali mahali pagumu, apige magoti ubavuni, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mikono ikiwa imenyooka, akandamize kwa nguvu mpaka kifua kibonyee kiasi cha sentimita tano, akiachie kipande chote, akandamize tena, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ni kazi ya kuchosha kama kupiga jembe, kwa hiyo mpokezane kila baada ya dakika mbili, na msisimame mpaka apumue mwenyewe au gari lifike.